Chuma kije mwisho: namna ya kuchagua kisu kidogo cha ala

Kisu changu cha kwanza cha kambini kilikuwa na unene wa milimita 5 mgongoni. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kizito, na wakati ule nilidhani kisu kizito ndicho kisu imara. Usiku wa kwanza nikakitoa kukata karoti. Kikaingia kidogo tu, kisha karoti ikapasuka kwa kishindo na nusu yake ikarukia gizani. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeshika tochi, akaniuliza: "Sasa shemeji, unakata au unapasua kuni?"

Makali hayakuwa na kasoro. Kingeweza kunyoa nywele za mkono. Tatizo lilikuwa unene. Makali hufungua njia, lakini bapa zima lazima lipite humo, na bapa nene likishaingia linasukuma pande mbili kama kabari. Tangu siku ile nimepitia visu sita vya namna hii, na mtu akiniuliza anunue kipi huwa nampa mpangilio wa kinyume na ule uliozoeleka. Wengi huanza kwa kuuliza ni chuma gani. Mimi namwambia aanze na kazi, aje kwenye mkono, kisha ala, kisha umbo la bapa. Chuma kije mwisho.

Ninaposema kisu cha ala namaanisha kile kisichokunjwa, ambacho kikiwa hakina kazi hulala kwenye ala yake. Cha kukunja kina sifa zake: kinaingia mfukoni na hakimshtui mtu. Lakini kina bawaba, na bawaba hukusanya mchanga, utomvu na mabaki ya chakula, tena ndiyo sehemu ya kwanza kulegea. Cha ala unakiosha kama kijiko, unakifuta, basi. Vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi unakitoa kwa mkono mmoja bila kupapasa pa kubonyeza.

Andika unachokata

Kabla ya kununua, kaa wiki moja na karatasi mfukoni, uandike kila mara unapotamani kuwa na kisu. Nilifanya hivyo, na orodha yangu ya siku saba ilikuwa hii: katoni kumi na moja, kamba za plastiki za kufungia mizigo, tepu, uzi uliochomoza kwenye mshono wa begi, tunda, kipande cha mpira wa maji, penseli. Siku mbili za kambi zikaongeza kamba ya hema, vigingi viwili vya kuchonga, maranda ya kuwashia moto na kitunguu. Hakuna hata kimoja kilichodai bapa la zaidi ya sentimita 10 wala mgongo wa zaidi ya milimita 3. Kuni nene zina shoka lake na msumeno wake.

Wiki hiyohiyo soma sheria ya mahali unapoishi na ya unakokwenda, maana mara nyingi kisu cha ala huhesabiwa tofauti na cha kukunja. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli la kukaza bapa likiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), unaweza kutembea nacho bila kuhitaji sababu. Cha ala, hata kiwe kidogo kama kidole, lazima uwe na sababu nzuri ya kuwa nacho hadharani. Ujerumani imeweka mpaka wa sentimita 12 kwa bapa la kisu kisichokunjwa, na hata hicho kifupi kuna mahali hakiruhusiwi. Kwenye ndege kisu kinapanda ndani ya begi la kukabidhi, si mkononi.

Mkono wako, si wa muuzaji

Banisha vidole vinne upime upana wake. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 8 au 9. Mpini wa sentimita 10 hadi 11 unabeba vidole vyote na unaacha nafasi ya glavu. Visu vidogo sana vina mpini wa vidole vitatu, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Kwa kufungua katoni si neno. Lakini jaribu kuchonga kigingi cha mti mkavu kwa dakika ishirini, ndipo utajua kwamba kile kidole kidogo unachokidharau ndicho kinachokizuia kisu kisiyumbe.

Kisu kikiwa ndani ya ala, kishike, funga macho, kizungushe mkononi kisha usimame. Unapaswa kujua makali yanatazama wapi bila kufungua macho. Mpini wa duara kama ufito hauwezi kukuambia. Wenye umbo la yai unakuambia. Mipini iliyochimbwa mabonde ya vidole inapendeza kwenye picha, ila mabonde yale yalipimwa kwa vidole vya mtu mwingine, na ukigeuza kisu ili ukate kuelekea kwako yanakuchoma kiganja.

Kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada lilitokana na mpini wa mti mzuri sana, uliong'arishwa mpaka unajiona sura. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nachoma kwa ncha fundo la kamba lililokaza. Kisu kikagoma, mkono ukaendelea mbele. Kati ya mpini na makali hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Siku hizi sinunui kisu kisicho na kinundu, hata kidogo, pale mbele ya mpini. Kukijaribu ni rahisi: paka mkono maji ya sabuni, kisu kikiwa ndani ya ala, usukume mbele kama unayechoma. Mkono ukiteleza hata sentimita moja, kirudishe.

Kuhusu malighafi ya mpini sina maneno mengi. Mti una joto la kupendeza, raba inashika hata ikilowa, plastiki ngumu haidai matunzo. Micarta, ambayo ni tabaka za kitambaa au karatasi zilizoshindiliwa kwa resini, ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ikilowa haitelezi.

Kuna pia msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukienda mpaka mwisho kwa upana wote, kisu ni imara zaidi na pia kizito zaidi. Wapo wanaokataa kabisa kisu chenye msuka mfupi, nami nilikuwa mmoja wao. Kisha nikakutana na Morakniv Companion ya Sweden, yenye bapa la kama sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, ambayo msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Ndiyo ninayomwazima kila mgeni wa kambi, na imeshapita mikono isiyo na huruma.

Ala

Watu huipokea ala kama karatasi ya kufungia zawadi. Mimi nilikuwa hivyo mpaka nilipopoteza kisu changu cha tatu, kizuri kuliko hiki ninachobeba leo. Ala yake ilikuwa ya ngozi laini, yenye kiukanda cha kufunga kwa kifungo cha kubana. Nilipita kwenye kichaka kama mita mia mbili hivi. Tawi moja lilifungua kile kifungo, na nilipofika mtoni kuchota maji nikashika kiunoni, nikakuta ala tupu, imelegea kama soksi. Nilirudi nyuma nimeinama kwa saa nzima. Sikukipata. Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba kuna makali yamelala kwenye majani, mahali ambapo mtu anaweza kukanyaga.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili. Naingiza kisu, nageuza ala mdomo chini, naitikisa kwa nguvu juu ya meza. Kisu kikitoka, mazungumzo yameisha. Kisipotoka, naifunga kiunoni na kuruka mara kumi. Wanaocheka wacheke. Halafu nakitoa kwa mkono mmoja. Ala nzuri ya plastiki ina mahali pa kuegemeza kidole gumba: gumba linaisukuma ala, kisu kinajitoa kama sentimita moja kwa utulivu, ndipo unavuta. Ikibidi uvute kwa nguvu zote mpaka kichomoke ghafla, siku moja kitachomoka kikielekea mkono wako wa pili. Mwisho nakirudisha bila kuangalia, polepole. Mdomo wa ala uwe mpana kidogo kuipokea ncha, na ukuta wake uwe mgumu kiasi kwamba ncha haiwezi kutoboa na kutokea pajani.

Kydex ni plastiki inayofinyangwa kwa joto ikafuata umbo la kisu. Kisu kikifika mwisho unasikia mlio mkavu, "tak", na huo mlio ndio risiti yako. Hainywi maji. Ubaya wake ni kwamba mchanga ukiingia ndani hukwaruza bapa kila unapotoa na kurudisha, kwa hiyo iwe na tundu chini, ili uweze kuimwagia maji juu na uchafu utokee chini. Ngozi haina kelele na haikwaruzi, lakini hunywa maji na kuyatunza. Kisu cha chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu upesi, kikilala kwenye ngozi iliyolowa, asubuhi unakikuta na madoa ya rangi ya chungwa. Ukifika nyumbani kitunze nje ya ala.

Mimi ni mashoto, na hapo ndipo ala nyingi zinaponitupa. Ala yenye kifungo au kitanzi upande mmoja imefikiriwa kwa mkono wa kulia. Nikiivaa kushoto, kifungo kinageukia mwilini na gumba halikifikii. Mashoto mwenzangu, tafuta ala yenye matundu pande zote mbili ili kitanzi kihamishike. Zipo, ila uliza kabla ya kulipa.

Kuhusu pa kukivaa, kiunoni ni pazuri mpaka siku utakapobeba begi lenye mkanda wa nyonga. Mkanda ule unakuja kukaa juu ya mpini hasa, na baada ya kilomita tatu utautafuta ubavu wako. Nimeishia kukivaa kwa kulala, sambamba na mkanda wa suruali, mbele kidogo ya nyonga. Hata nikikaa kwenye gari hakinichomi. Wapo wanaokining'iniza shingoni. Kikiwa chepesi, chini ya gramu 100 pamoja na ala, si vibaya, ila kamba yake iwe ya kukatika ikivutwa kwa nguvu. Kamba imara shingoni ikinaswa na tawi inakuwa kitanzi.

Bapa

Langu lina sentimita 9, na naona kati ya 7 na 10 ndipo penye kazi nyingi. Chini ya hapo hata tunda la wastani unalikata kwa kulizunguka. Juu ya hapo ncha inakuwa mbali na mkono, na kazi ndogondogo kama kutoa mwiba zinakuwa za wasiwasi. Unene uwe milimita 2.5 hadi 3 mgongoni.

Lakini mgongo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi chuma kinavyopungua kuelekea makali. Kishike kisu ncha ikikutazama (kwa mbali, tafadhali), utazame umbo lake. Kuna bapa linaloteremka kwa mstari mmoja toka mgongoni hadi karibu na makali. Hilo linapita kwenye chakula na katoni kama halipo. Kuna lile la Skandinavia, ambalo linabaki nene mpaka theluthi ya chini, kisha linateremka kwa mteremko mmoja mpana hadi kwenye makali yenyewe. Hilo ni bingwa wa mti. Linashika mti, halirukiruki, linatoa maranda marefu yanayojikunja yenyewe, na kulinoa ni rahisi kwa anayeanza kwa sababu unalaza ule mteremko juu ya kinoo na jiwe ndilo linalokuonyesha pembe. Kwenye kitunguu linapasua zaidi kuliko kukata. Yapo pia yaliyobonyea ndani, makali sana ila dhaifu kwa kazi nzito, na yaliyovimba kama tumbo la samaki, imara ila yenye kuchosha kunoa kwenye jiwe la bapa. Kwa anayetaka kisu kimoja cha kila siku na cha kambi, nachagua lile la mstari mmoja toka mgongoni.

Ncha ishuke kidogo toka kwenye mgongo, ikaribie mstari wa katikati ya kisu. Hapo inatii mkono. Meno ya msumeno sehemu ya chini ya bapa yakatae. Yanakunyang'anya sentimita 3 zilizo karibu na mkono, ambazo ndizo zenye nguvu kuliko zote, na kuyanoa ni adhabu. Kwa sababu hiyohiyo siupendi ule mkato wa duara wanaouweka mbele ya mpini ili kidole cha shahada kikae juu ya bapa. Kwenye kisu kirefu sawa. Kwenye bapa la sentimita 8 umeshaibiwa mbili.

Angalia mgongo pia. Ukiwa na kona kali za nyuzi 90 unakwangua kijiti cha cheche (kile cha metali cha kuwashia moto) bila kuharibu makali, na unapata unga laini wa magome ya kuwashia. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mgongo. Ukikwangua unga mweupe wa ukucha, umepata. Rangi nyeusi ya kupakwa hulinda dhidi ya kutu, lakini pale mgongoni huizuia kazi hii mpaka uikwangue kwa msasa.

Kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gogo kunawezekana, ila ujue kipimo: mti usizidi theluthi mbili za urefu wa bapa, usiwe na fundo, na ugonge sehemu ya bapa inayochomoza, si mpini. Kwa kisu cha sentimita 9 hiyo ni kuni ya sentimita 6, na kwa kuwasha moto inatosha kabisa.

Basi, chuma

Kwanza amua kama unaweza kukifuta kisu kila baada ya kukitumia. Ukijijua huwezi, chukua kisichoshika kutu. Chuma huanza kuhesabiwa hivyo kikiwa na kromu kama asilimia 10.5 au zaidi, ingawa hata hicho kikikaa na chumvi kinaweza kupata madoa. Vyuma vinavyoitwa 12C27 na 14C28N, vyote vya Sweden, vina kaboni kama asilimia 0.6 na kromu kama 14. Vinanoleka kwa urahisi na vinashika makali vizuri. Kama unakaa karibu na bahari, usitafute zaidi.

Ukiwa na nidhamu ya kitambaa, kaboni ina raha yake. 1095 ina kaboni kama asilimia 0.95, haina kinga ya kutu, na inapokea makali kwa dakika chache hata kwa jiwe baya. Ikikata matunda yenye uchachu hugeuka kijivu na buluu. Usihangaike kuing'arisha, kile kivuli kinaikinga kidogo na kutu nyekundu. 5160 ndiyo jamii ya chuma cha springi za gari, haivunjiki ovyo, na wahunzi wanaipenda. D2 ina kromu asilimia 11 hadi 13, lakini sehemu kubwa imejifunga na kaboni, kwa hiyo inaweza kushika kutu. Inadumisha makali muda mrefu na inakusumbua muda mrefu siku ya kuinoa. Vipo vya kisasa, kama MagnaCut iliyoingia sokoni mwaka 2021, inayochanganya uimara wa kutovunjika na kinga ya kutu kwa namna ambayo zamani ulilazimika kuchagua kimoja. Ni chuma kizuri. Kisu cha kwanza hakikihitaji.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vingi vya kazi viko kati ya 56 na 60. Chini ya hapo makali hulala mapema, juu zaidi yanaanza kumeguka ukigonga mfupa au jiwe. Jihadhari na bapa lililopigwa muhuri wa "440" bila herufi: zipo A, B na C, na tofauti ya kaboni toka A hadi C ni kama toka asilimia 0.7 hadi 1. Anayetumia C hasahau kuiandika.

Kikiwa mkononi mwako

Kielekeze makali juu chini ya taa. Makali halisi hayang'ai. Ukiona nukta au mstari unaomeremeta, hapo ni butu au pamepigika. Tazama kwa urefu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao, uone kama kimepinda. Pitisha ukucha pale mpini unapokutana na chuma: pakiwa na ufa, maji yataingia na kutu itaanza mahali usipoweza kuiona. Linganisha mteremko wa kushoto na wa kulia. Kama mmoja ni mpana kuliko mwingine, kisu kitakwenda upande kila ukikata.

Na nunua kinoo siku hiyohiyo. Jiwe moja lenye pande mbili, la chembe 400 (upande wenye kukwaruza zaidi) na la 1000 (upande laini), na kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani cha kumalizia makali, vinakutosha kwa miaka. Pembe ya nyuzi 20 kila upande ni mwanzo mzuri: kisimamishe kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni 90, kilaze nusu, 45, kilaze nusu tena, uko karibu 22. Sugua upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili, kuanzia mgongoni kwenda nje, uhisi kijiukingo kinakwaruza kidole. Geuza. Usikipeleke kwenye cherehe ya umeme. Nilikipeleka kimoja kwa fundi mmoja mwenye haraka, kikarudi na ncha ya rangi ya buluu. Buluu ile maana yake joto limeua ugumu, na ncha ikawa inapinda kama bati mpaka nilipoisaga yote ikaisha.

Ukianza kuchonga, weka viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti, kamwe isiwe kati ya mapaja, kwa sababu humo ndani unapita mshipa mkubwa wa damu.

Kile cha milimita 5 bado ninacho. Kinakaa kwenye mfuko wa vigingi vya hema, na shemeji hukitumia kufukulia vigingi vilivyogoma kutoka ardhini.